Doa Lililokimbia

Doa lilikuwa kwenye koo la yungiyungi jeupe, na Sabuni alipolipitishia brashi ya kufutia, likahama.

Halikufifia, wala halikuyeyuka taratibu kama yanavyofanya madoa yenye adabu zao. Lilihama. Lilitoka kooni mwa ua, likapanda ukingo wa petali, likajibanza nyuma ya jani. Sabuni alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha kompyuta, akacheka peke yake.

"Ala! Unanikimbia mimi? Umeulizia kwanza mimi ni nani?"

Alikuwa na haki ya kutamba. Jina la Sabuni hakupewa na mama yake, alipewa na wateja. Bibi harusi aliingia kwake na chunusi akatoka na uso wa sahani mpya. Kuna mzee mmoja aliyefutwa makunyanzi kwenye picha mpaka wajukuu zake walipoiona ukutani wakaiambia "mambo" badala ya shikamoo. "Picha ikitoka kwangu," Sabuni alipenda kusema, "imeoga, imejipaka mafuta, imechana nywele."

Chumba chake cha kazi zamani kilikuwa stoo. Dirisha alikuwa ameliziba kwa pazia zito jeusi, kwa sababu mwanga wa nje huyadanganya macho ya mtu anayepima rangi. Ukipima wekundu huku jua linakuchungulia, utampelekea mteja waridi lenye rangi ya nyanya. Kwa hiyo humo ndani adhuhuri na usiku wa manane vilifanana kama mapacha, na mkewe, aliyekuwa akipika upande wa pili wa ukuta, alikiita chumba hicho kaburi lenye umeme.

Picha za maua alikuwa ameletewa na shemeji yake, kaka wa mkewe, mpiga picha mwenye miguu ya mbuzi, asiyeona ukuta asiupande. Muuza maua wa mtaa wa juu alikuwa anafungua duka jipya, na alitaka picha kubwa za kufunika kuta zote, kutoka sakafuni hadi darini. Shemeji mtu akaruka ukuta wa bustani moja iliyoachwa, nyuma ya nyumba iliyofungwa miaka na miaka, ambako maua yalikuwa yamejiotea yenyewe bila bwana wala bibi.

"Shemeji, pale pana giza hata jua likiwa utosini," alisema alipozileta. "Nilikuwa nikiinua kamera najihisi kama nimeingia chumbani kwa mtu amelala."

"Na alikuwa anakoroma?"

"Cheka tu. Mimi nilipiga nikakimbia. Ndiyo maana zimetoka na kiza namna hiyo."

"Kiza niachie mimi," alisema Sabuni. "Nimemwahidi mama wa maua kwamba watu wataingia dukani kwake wakitafuta doa hata moja, watoke wamechoka."

Basi akawa ndiyo yuko kwenye ahadi yake, anakimbizana na doa. Akifuta hapa, liko pale. Akilifuata kwenye jani, limerukia bua. Akaona huu sasa ni utani uliopita kiasi. Kila fundi wa picha anajua kwamba kinachojificha hujificha kivulini, na kila fundi anajua dawa yake. Sabuni akaufungua mwanga wa vivuli, akaupandisha weupe, akakaza kontrasti mpaka kila petali ikatoka kama imekatwa kwa wembe. Kiza chote cha bustani ile kikaanza kuyeyuka, kona baada ya kona, chini ya majani, kati ya mabua, ndani ya makoo ya maua, mpaka pasibaki mahali pa kujificha hata sisimizi, na doa likabaki peke yake katikati ya weupe mtupu, likitetemeka.

Lilikuwa na umbo. Aliliona, ila hakutaka kuliona. Juu paliviringana kama kichwa, na chini pakawa na viwili vyembamba, kama miguu iliyokunjwa ya anayeogopa.

"Mdudu," Sabuni akajiambia, akafuta.

Katika spika, ambazo hata hazikuwa zimechomekwa kwenye umeme, kikasikika kikwikwi kimoja, kama cha mtoto aliyeshtushwa kabla hajapata pumzi ya kulia. Kisha kimya.

Fundi mwenye akili huiweka picha ya asili kando, akafanyia kazi nakala. Sabuni hakuwa na tabia hiyo. Yeye alisevu juu ya ileile. Aliamini hakuna mtu anayetunza maji aliyoogea. Na shemeji naye, ili apate nafasi ya kupiga picha za harusi, alikuwa ameshaifuta kadi ya kamera. Kwa hiyo bustani ile, jinsi ilivyokuwa na kiza chake na vilivyomo ndani ya kiza chake, haikubaki popote.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa harufu ya maua yaliyosahauliwa ndani ya maji, yakaoza mabua huku vichwa vikiwa bado vizuri. Mkewe alikagua ndoo, akakagua mtaro, akamkagua na mumewe.

"Baba Kidoti, umeoga lini?"

"Mke wangu, mimi ndiye Sabuni!"

"Sabuni haijiogeshi. Nenda bafuni."

Alioga. Harufu haikuondoka. Kisha zikaja sauti, na zilikuja mchana kweupe, saa ambazo majirani walikuwa wanafua na redio zinaimba: kwenye kabati, chini ya kitanda, nyuma ya magunia ya vyombo vya zamani, sauti ya mtu anayeinua kitu polepole, anatazama chini yake, anakirudisha, anainua kingine. Mtu anayetafuta. Wakati mwingine, katikati ya kuinua na kurudisha, sauti ya kike iliita kwa chini, ile ya kuvuta mwishoni, kama mama anavyoita mtoto arudi ndani. Haikutaja jina. Iliita tu, ikanyamaza kusikiliza, ikaita tena.

Siku moja mkewe aliingia kwenye kile chumba amemshika mtoto wao kidevuni kama anamwuza.

"Umemfanya nini mwanangu?"

Binti yao walimwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi aliyozaliwa nayo shavuni, ndogo, ya duara, ambayo bibi yake alikuwa akiibusu kila akimwona. Shavu lilikuwa tupu. Si kwamba pamechubuka wala pamepauka. Palikuwa laini, pa rangi moja, kama hapajawahi kuwa na kitu.

"Mimi? Mimi nimefanya nini?"

"Basi nani? Nani humu ndani kazi yake kuwatoa watu alama? Umechoka kuogesha picha, umehamia kwa watoto?"

"Baba, bibi atabusu wapi sasa?" aliuliza Kidoti, na Sabuni, mtu asiyekosa jibu hata msibani, akageukia kioo chake.

Hapa ndipo jambo lenyewe lilipo, na halina kucheka. Kesho yake Sabuni alikuwa anashughulikia picha ya pili, ya waridi jekundu. Akaongeza joto la rangi, akatuliza weupe, akaona kidoa kidogo chini ya petali, akakifuta. Muda uleule Kidoti akaita kutoka jikoni: "Mama, kovu langu limetoka!" Lile kovu la goti, la kuanguka kwenye ngazi, halikuwapo. Sabuni alikaa na kipanya mkononi, jasho likimtiririka mgongoni kwenye chumba chenye feni. Alielewa. Hakuna wa kusema hakuelewa. Alielewa vizuri kabisa kwamba mkono wake ukifuta huku, kuna mkono mwingine unafuta kule.

Na ilikuwa imebaki picha moja. Muuza maua alikuwa amepiga simu asubuhi, watu wa kubandika wameshaegesha ngazi, ukuta wa mbele ndio unasubiri. Mji mzima ungepita mbele ya ule ukuta na kuuliza: hii ni kazi ya nani? Sabuni aliitazama picha. Ilikuwa nzuri, ina madoa matatu tu, hafifu.

"Moja tu," akanong'ona. "Hii tu, halafu basi."

Akafuta.

Nje, uani, Kidoti alikuwa anacheza na wenzake ule mchezo wa kukanyagana vivuli, ukikanyagiwa chako umetoka. Kelele za watoto zikakatika ghafla. Halafu mmoja akapaza sauti kwa hasira ya haki: "Kidoti anaibia! Kidoti hana kivuli!"

Jua lilikuwa linawaka. Watoto wote walisimama na vivuli vyao miguuni kama mbwa waliolala, isipokuwa Kidoti, ambaye miguu yake ilikanyaga ardhi nyeupe tupu. Aligeuka kumtazama baba yake mlangoni, akafungua mdomo kuita, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, mpaka uione midomo yake ndipo udhani umeisikia.

Waliitwa watu wazima, nao wakaita mganga. Alikuwa mtu wa mkoba na tai, mwenye maneno mengi, na sifa yake ya kuwatoa pepo ilimpa jina la Fagio. Nyumba yenye Sabuni na Fagio ilipaswa kuwa safi, lakini ngoja.

"Pepo wa namna gani?" aliuliza Fagio akikunja mikono ya shati. "Wa kelele? Wa kubana kifua? Nimeshawahi kumtoa mmoja aliyekuwa anakopa mtaani kwa jina la mgonjwa. Huyu ni dakika mbili."

Aliingia kwenye kile chumba cheusi peke yake, akafunga mlango. Dakika mbili zikapita kweli. Alipotoka tai ilikuwa mgongoni, na hakuna aliyemsikia akipambana.

"Mheshimiwa," alimwambia Sabuni kwa sauti ya chini, akikusanya vitu vyake bila kuvitazama, "mimi huwa namtoa aliyekosea. Humo ndani aliyekosea si yule."

"Unamaanisha nini?"

"Yule ni mama. Anatafuta mtoto wake. Ameniuliza kama nimemwona." Akameza mate. "Ameniuliza vizuri tu, kwa heshima, na mimi sina la kumjibu. Wewe unalo."

"Fagio, usiniache!"

"Nakuacha, ndugu yangu. Na kutoka leo naomba tusijuane."

Akaenda zake, na mkoba wake akausahau, na hakurudi kuuchukua.

Mkewe Sabuni alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na amesikia yote. Alikuwa mwanamke wa kelele, wa kugombana na muuza samaki kwa raha tu, lakini sasa alizungumza polepole, na hilo lilimtisha mumewe kuliko yote yaliyotangulia. Alichukua ndoo, akaingia nayo chumba cheusi, akaigeuza, akaikalia, akielekea kwenye kona ambako mwanga wa kioo haukufika. Sabuni akamfuata, maana kubaki nje peke yake hakuweza.

"Dada," mkewe akasema kwenye ile kona. "Mimi ndiye mama wa huyu unayemfuta."

Kwa muda hapakuwa na kitu ila ile harufu ya mabua yaliyooza, kisha giza la kona likaanza kukaza, kama mtu anakaza kontrasti yake taratibu, na ndani ya weusi pakatokea weusi zaidi, mabega, shingo ndefu iliyoinama, nywele zilizoning'inia kama mizizi ya mti uliong'olewa na mvua, na mikono miwili mirefu iliyokuwa haitulii, ikiinua kitu na kukirudisha, ikiinua na kukirudisha, ingawa mikononi hamkuwa na kitu.

"Wangu alikuwa anapenda maua meupe," sauti ikasema. "Analala kooni mwa ua. Nilimwacha amelala. Niliporudi, bustani ilikuwa nyeupe yote."

"Alikuwa na umri gani?"

"Kwenu mngekuwa mmeshazaliwa na kufa mara nyingi. Kwetu alikuwa hajaanza kutembea vizuri."

Mkewe Sabuni akainamisha kichwa. Wakakaa hivyo wanawake wawili, mmoja juu ya ndoo na mmoja juu ya kisichoonekana, kama watu waliokutana kwenye foleni ya hospitali na wanajua wote wamefuata nini.

"Baba Kidoti," akasema mkewe bila kugeuka. "La kwanza hukujua. Sawa. Mtu anaweza asijue. Lile kovu lilipofutika, ulijua?"

Sabuni alilamba midomo. "Mke wangu, ile kazi ilikuwa..."

"Sikuulizi kazi. Ulijua?"

Sabuni akatazama kipanya.

"Ulijua, ukamalizia."

"Ilikuwa imebaki moja," alisema Sabuni, na hata yeye alijisikia jinsi maneno yale yalivyotoka.

Mkewe akasimama, akachukua ndoo yake. Alikuwa halii. "Dada," akasema kwenye kona, "nirudishie wangu kamili, kama nilivyomzaa na kama alivyoanguka. Mimi na wewe hatuna ugomvi. Mwenye mkono uliofuta, huyo hapo. Mfanye utakavyo."

"Mama Kidoti! Mimi mumeo!"

"Ndiyo maana nina haki ya kukutoa," alisema mkewe, akatoka na ndoo, akamfungia mlango kwa nje.

Uani, Kidoti akapiga chafya. Shavuni alama ikarudi kama tone la wino, gotini kovu likajikunja mahali pake, na kivuli kikamwagika kutoka miguuni mwake mpaka ukutani, kirefu, cheusi, kizuri. Akapiga kelele za furaha kwa sauti yake yote, na mtaa mzima ukasikia.

Sabuni pia alizisikia, na ndilo jambo jema la mwisho alilopewa. Kwani mikono miwili baridi, yenye unyevu wa vitu vilivyolala majini, ilishuka kwenye mabega yake kutoka nyuma, ikamkalisha kitini.

"Tafuta," ikasema sauti sikioni.

"Nitafute wapi? Nilisevu juu yake! Hayupo!"

"Tafuta."

Akatafuta. Viganja vikampita machoni, na rangi zikamtoka. Wekundu, kijani, ngozi ya mkono wake mwenyewe, vyote vikawa majivu, ili asishughulishwe na uzuri. Akashusha weupe aliokuwa ameupandisha, akalegeza kontrasti, akajaribu kuvirudisha vivuli mahali pake kimoja kimoja, nukta kwa nukta, nyuma ya kila jani, chini ya kila petali, na kila alipojaribu kuinuka miguu haikumtambua. Mkewe alikuwa akifungua mlango kidogo, anasukuma sahani, anafunga. Hakusema naye. Nje Kidoti alikuwa anakua, anaimba, anakanyaga vivuli vya wenzake. Na nyuma ya shingo ya Sabuni pumzi ile ya mabua yaliyooza ilikuwa inakwenda na kurudi, bila hasira, bila haraka, kama ya mama aliyekaa kando ya kitanda.

"Huenda alikimbilia picha nyingine," ikasema siku moja. "Fungua zote."

Akafungua zote. Kazi zake za miaka: mashada ya maharusi, bustani za mahoteli, vikapu vya waridi, vyungu vya kwenye madirisha, kila ua lililowahi kupita mkononi mwake likaoga. Akaanza la kwanza. Akashusha, akalegeza, akarudisha kiza. Na adhuhuri moja, katika shada kuukuu la bibi harusi ambaye sasa alikuwa na watoto wa shule, chini ya petali ya nne, kitu kikatikisika.

Kilikuwa kidogo. Juu kimeviringana, chini vimekunjwa viwili vyembamba.

"Nimempata!" Sabuni alilia, machozi yakimwagika juu ya kibodi. "Nimempata, mama, huyu hapa, mzima, anatetemeka, njoo umwone! Niachie sasa! Niachie niende kwa mwanangu!"

Nywele kama mizizi zikashuka begani kwake. Alikuwa anainama kutazama. Alitazama muda mrefu sana, na alipovuta pumzi, kioo chote kikafunikwa na ukungu.

"Huyu si wangu," akasema.

"Si wako? Wa nani basi?"

"Wa mwenzangu. Amemlilia mpaka sauti yake ikakauka, na hakuna aliyejua amekwenda wapi." Kidole kirefu, kilichopauka, kikapita polepole juu ya mafaili yote yaliyoorodheshwa kwenye kioo, moja baada ya jingine, yakashuka, yakashuka, hayakufika mwisho. "Sabuni. Umeogesha wangapi?"

Sabuni akageuza shingo. Alikuwa amesikia kitu.

Nje ya nyumba, kwenye lango la uani, kulikuwa na miguu mingi iliyokuwa inajaribu kusimama kimya. Kisha harufu ikapita chini ya mlango, si ya ua moja tena, ya waridi na asumini na mikarafuu na vyote alivyowahi kuvisafisha, vyote vimeoza pamoja.

"Nimewaita," alisema yule mama. "Ni haki yao. Mimi nimeelewana na mkeo, neno langu halirudi. Wao hawajaelewana na mtu."

"Wanataka nini? Nichukueni mimi! Si niko hapa?"

"Wewe ni mmoja, na umeshachukuliwa."

Lango likagongwa. Sauti ya kike ikaita hodi, nyingine nyuma yake ikaita, nyingine, nyingine, kwa chini, kwa kuvuta mwishoni. Mkewe Sabuni alikuwa ametoka kwenda dukani. Sabuni akajaza kifua hewa ili apige ukelele wa kubomoa ukuta, na ule mkono baridi ukazunguka kutoka nyuma, ukampaka kidole midomoni mara moja, kwa wepesi, kama fundi anavyopitisha brashi. Alipojaribu kufungua mdomo, palikuwa laini, pa rangi moja.

Uani, viatu vidogo vikakimbia kuelekea langoni.

"Karibuni!" aliitikia Kidoti kwa sauti yake nzuri iliyorudi yote. "Ngojeni, nawafungulia!"